Utamaduni: Chicago haikuzima kibao chake cha sinema. Miji ya Kongo nayo je?

Kila mangaribi, kwenye barabara ya State Street katikati ya mji wa Chicago, Marekani, watu husimama kando ya njia na kuinua simu zao. Hawapigi picha ya kiongozi wala ya mwanamuziki. Wanapiga picha ya kibao: herufi saba kubwa, C-H-I-C-A-G-O, zilizopangwa moja chini ya nyingine, zikiwaka mbele ya jumba la maonyesho la Chicago Theatre. Wengi wao hawana tiketi. Wengine hawajui hata ni nani anayeimba ndani usiku huo. Wanapiga picha, wanacheka, wanaendelea na safari yao.

Jumba hilo lilifunguliwa tarehe 26 mwezi wa kumi 1921. Limepita miaka ya ukosefu mkubwa wa kazi, vita vya pili vya dunia, televisheni, video, na sasa simu za mkononi. Kunako mwaka wa 1985 lilifunga milango, na hatari ya kuvunjwa ilikuwa mbele yake. Leo, zaidi ya miaka 100 tangu kufunguliwa, kibao chake bado kinawaka.

Kwa mkaaji wa Bukavu, Kisangani, Kalemie ao Lubumbashi, jambo hilo linaweza kuonekana kuwa la mbali, tena la watu walioshiba. Lakini kila mmoja wa miji hiyo ulikuwa na sinema yake, na mlango wa sinema uliokuwa na jina juu yake. Majina mengi yamefutika. Ndiyo maana inafaa kuuliza kwa makini: ni kitu gani kilichookoa kibao cha Chicago? Jibu si mapenzi ya zamani peke yake. Ni sheria, ni makuta, na ni watu waliokataa.

Kibao kinachotangaza mji

Chicago Theatre ilijengwa na wafanyabiashara wa kampuni ya Balaban na Katz, waliokuwa wanamiliki sinema nyingi katika mji huo. Ramani ilichorwa na ndugu wawili, Cornelius na George Rapp. Jumba liligharimu karibu dola milioni 4, makuta mengi sana kwa wakati huo, na lilikuwa na viti karibu 3.900. Uso wake una tao kubwa lenye urefu wa gorofa sita, lililoigwa kutoka tao la ushindi la Paris. Ndani kulikuwa ngazi kubwa, taa za kioo na kinanda kikubwa cha kusindikiza filamu, kwa sababu wakati ule filamu zilikuwa bado bila sauti.

Balaban na Katz walielewa jambo moja. Mfanyakazi wa kiwanda hana nyumba ya kifalme, lakini kwa sarafu chache anaweza kukaa ndani ya nyumba ya kifalme kwa saa mbili. Walijulikana pia kwa kupoza hewa ndani ya majumba yao wakati wa joto kali. Mtu aliingia kwa kutafuta baridi, akatoka akiwa amependa filamu. Na kilichomwita kutoka mbali, kati ya maduka na tramu, kilikuwa kibao.

Kibao hicho kina sehemu mbili. Ya kwanza ni ile ya wima, inayokwea ukuta karibu gorofa sita. Haikuandikwa jina la mwenye mali. Imeandikwa jina la mji. Ya pili ni ile iliyolala juu ya mlango kama paa dogo, inayowakinga wapita njia wakati wa mvua, na ambapo herufi hubadilishwa kufuatana na onyesho la siku. Nyuma ya neno Chicago kuna alama inayofanana na herufi Y. Wageni hudhani ni pambo tu. Kumbe ni alama ya mji wenyewe: inaonyesha mahali ambapo matawi mawili ya mto Chicago yanakutana. Ni kama vile Kisangani ingeweka maporomoko ya Wagenia juu ya mlango wa sinema yake, kusudi kila anayeingia akumbuke yuko wapi.

Hapo ndipo siri ya kwanza inaonekana. Kibao cha Chicago kinapendwa na watu wasio na tiketi kwa sababu kinawapa kitu bila malipo. Kinawapa jina la mji wao katika taa. Kinawapa habari ya usiku huo. Na kinawapa mwanga barabarani, ambao ni dalili kwamba mtaa haujalala na kwamba mtu anaweza kupita bila woga. Mnara wa ukumbusho unasema kila siku neno lile lile. Kibao cha sinema kinabaki cha zamani, lakini kesho kitasema neno jipya.

Karibu kizimwe

Isidhaniwe kwamba Wamarekani walikilinda tangu mwanzo. Baada ya vita vya pili vya dunia, jamaa nyingi zilihama katikati ya mji na kwenda kukaa pembezoni, mahali penye nafasi na magari. Televisheni ikaingia nyumbani. Majumba makubwa ya sinema, yenye maelfu ya viti, yakabaki na watu wachache na gharama zile zile. Katika miji mingi ya Marekani yalivunjwa, na pahali pake pakawekwa maegesho ya magari ao ofisi. Chicago yenyewe ilipoteza mengi.

Chicago Theatre nayo ilianza kuchoka. Lakini kabla haijafungwa, hatua mbili zilikuwa zimechukuliwa. Mwaka wa 1979 iliandikwa kwenye orodha ya kitaifa ya mahali pa historia. Mwanzoni mwa mwaka wa 1983 mji wa Chicago uliitangaza kuwa jengo la historia ya mji, na mtu hakuweza tena kulivunja bila kupita mbele ya wakubwa wa mji na mbele ya macho ya wakaaji. Kwa hiyo, milango ilipofungwa mwezi wa tisa 1985, jumba lilikuwa tayari na kinga.

Kinga peke yake haileti makuta. Mwaka uliofuata, kundi la watu waliotaka kuliokoa lilinunua jumba pamoja na jengo la jirani, Page Brothers Building, lililojengwa baada ya moto mkubwa ulioteketeza Chicago mwaka wa 1871. Ukarabati uligharimu mamilioni ya dola. Tarehe 10 mwezi wa tisa 1986, mwaka mmoja kasoro siku chache tangu kufungwa, Frank Sinatra aliimba kwenye jukwaa lililotengenezwa upya. Baadaye matatizo ya makuta yalirudi, wenye jumba wakabadilika, na mwaka wa 2007 likanunuliwa na kampuni ya burudani ya Madison Square Garden. Lakini tangu ule usiku wa Sinatra, hakuna tena aliyezungumza juu ya kulivunja.

Kuna jambo lingine ambalo wengi wanaopiga picha hawalijui. Kibao wanachokiona si kile cha zamani. Cha zamani kilikuwa kimechakaa, na mwaka wa 1994 kikawekwa kingine chenye sura ile ile. Kile cha kwanza kilipewa Smithsonian, taasisi ya majumba ya makumbusho ya Marekani, mwaka wa 2004.

Je, basi watu wanadanganywa? Hapana. Mzee wa kijiji anapojenga upya nyumba ya baraza, nyasi ni mpya na miti ni mipya, lakini baraza ni lile lile, kwa sababu watu wanaendelea kukutana humo. Kibao cha Chicago kimebaki kibao cha Chicago kwa sababu mahali ni pale pale, herufi ni zile zile, na mlango chini yake unafunguliwa usiku. Kama mlango ungefungwa na kibao kikabaki peke yake, kingekuwa kaburi lenye taa.

Na Kongo je?

Sinema za katikati ya miji ya Kongo hazikuuawa na televisheni peke yake. Uchumi wa Zaire ulianguka. Uporaji wa mwezi wa tisa 1991 na ule wa mwezi wa kwanza 1993 uliharibu biashara nyingi za mjini. Kaseti za video zilileta filamu hadi katika nyumba ndogo za mitaa, kwa bei ya chini. Kiisha vita vya mwaka wa 1996 na vile vilivyofuata vikaingia mashariki, na kutembea usiku kukawa hatari. Sinema iliyokuwa inaishi kwa makuta ya jioni haikuweza kuishi bila jioni.

Majengo yenyewe hayakupotea yote. Katika inchi nzima, mengi yaligeuka kuwa makanisa ya uamsho, depo za bidhaa ao magazini. Si haki kuwalaumu wachungaji kwa jambo hilo. Mara nyingi wao ndio walioziba paa, wakalipa kodi na kujaza viti, wakati ambapo hakuna mtu mwingine aliyetaka. Jumba lenye waimbaji kila siku ya Mungu lina afya kuliko jumba lenye popo. Jambo la kusikitisha ni jingine: jina la zamani lilifutwa bila mtu kuandika popote lilikuwa lipi, nani alilijenga, na wazee walitazama nini humo.

Lubumbashi inatoa mfano tofauti. Jumba la maonyesho la mji, lililojengwa katika miaka ya 1950, liligeuka kuwa nyumba ya baraza la wabunge wa jimbo, na linaitwa Jengo la tarehe 30 Juni. Wengine watasema kwamba utamaduni uliibiwa nyumba yake na siasa. Lakini jengo limesimama, linatunzwa, na kila mkaaji wa Lubumbashi anaweza kulionyesha kwa kidole. Hilo linaonyesha kwamba jengo la maonyesho linaweza kubadilisha kazi bila kufa, mradi mtu awe na sababu ya kulilinda.

"Zilikuwa sinema za wazungu"

Kuna swali zito ambalo haifai kulikwepa. Kwa nini Wakongomani walinde majumba yaliyojengwa kusudi wao wasiingie? Wakati wa ukoloni wa Wabelgiji, sinema za katikati ya mji zilikuwa za wazungu. Waafrika walionyeshwa filamu zao kando, mitaani na kwenye misheni, filamu zilizochaguliwa na wakoloni ili ziwafundishe kazi, usafi na utii. Babu wa msomaji wa leo alikijua kibao cha sinema kwa nje tu, alipokuwa akipita na mzigo.

Jibu linaweza kutafutwa katika mji mwingine wa Marekani. Kwenye barabara ya 125 katika mtaa wa Harlem, New York, kuna jumba lililojengwa kunako mwaka wa 1913 na 1914. Mwanzoni lilikuwa la wazungu, na watu weusi hawakuruhusiwa kuingia kama watazamaji. Mwaka wa 1934 lilifunguliwa upya kwa jina la Apollo, na watu weusi wa Harlem wakaingia, kwenye viti na kwenye jukwaa. Mwaka huo huo Ella Fitzgerald, msichana wa miaka 17, alishinda humo shindano la wasanii wapya. Mwezi wa kumi 1962 James Brown alirekodi humo moja ya diski zake zilizojulikana zaidi.

James Brown huyo huyo alipanda jukwaani Kinshasa mwezi wa tisa 1974, katika tamasha la Zaire 74, kabla ya pambano la Muhammad Ali na George Foreman. Wazee waliokuwa vijana wakati ule wanakumbuka jinsi nywele zake na miondoko yake vilivyoigwa hadi mitaani. Alipokufa mwishoni mwa mwaka wa 2006, mwili wake uliletwa Apollo, na watu wakapanga mstari mrefu katika baridi, chini ya kibao kile, ili kumwaga.

Watu wa Harlem hawakuvunja jumba lililowakataa. Walilichukua. Waliandika majina yao juu ya mlango ambao wazazi wao walikuwa wamefungiwa. Leo hakuna anayesema kwamba Apollo ni kumbukumbu ya ubaguzi, ijapokuwa kuta ni zile zile. Miji ya Kongo ilifanya jambo la namna hiyo kwa majina: mwaka wa 1966 Stanleyville ikawa Kisangani, Élisabethville ikawa Lubumbashi, Albertville ikawa Kalemie. Hakuna aliyebomoa mji ili kubadilisha jina. Jina lilibadilishwa, na watu wakaingia nyumbani.

"Watu wana njaa, nyinyi mnataka taa"

Swali la pili ni zito kuliko la kwanza. Mashariki mwa Kongo kuna wakimbizi wa ndani, kuna familia zisizojua zitakula nini kesho, kuna mitaa inayokaa gizani juu ya delestaji. Ni nani mwenye ujasiri wa kuzungumza juu ya kibao cha sinema?

Wanaojua jibu ni vijana wa Goma. Mji huo ulipitiwa na lava ya Nyiragongo tarehe 17 mwezi wa kwanza 2002, katikati yake ikafunikwa na mawe ya moto. Haikupita miaka mitatu na zaidi kidogo, mwaka wa 2005, kituo cha Yolé!Africa kilianzisha tamasha la filamu la Salaam Kivu. Mwaka wa 2014 likaja tamasha la muziki la Amani, ambalo lilikusanya maelfu ya vijana. Hawakungoja vita viishe ndipo watafute uzuri. Walijua kwamba mji ambao watu wake hawakutani kwa ajili ya furaha hubaki na sababu mbili tu za kukutana: mazishi na kukimbia.

Kwa hiyo tatizo si kwamba watu wa mashariki hawataki. Tatizo ni kwamba kila tamasha linaanza kutoka sufuri: kutafuta uwanja, kukodi jukwaa, kukodi jenereta, kiisha kubomoa yote na kurudi nyumbani. Chicago ina mahali ambapo kazi ya miaka 100 imerundikana pahali pamoja. Jumba lililosimama ni akiba. Anayeliuza kwa bei ya kiwanja anauza akiba ya watoto wake.

Na uuzaji ndio hatari kubwa kuliko moto wa volkano. Kila mkaaji wa mji anajua jinsi majengo ya zamani na viwanja vya serkali vinavyoweza kupata mwenyewe mpya kwa sahihi moja, usiku, bila mtu kuulizwa. Lava hutangaza kuja kwake kwa moshi. Sahihi haina moshi.

Kazi inayowezekana

Kongo si inchi isiyo na sheria juu ya jambo hili. Sheria ya kulinda mali ya utamaduni ilitiwa sahihi tarehe 15 mwezi wa tatu 1971, na inaruhusu jengo kuandikwa kwenye orodha ya yale yanayolindwa. Chicago ilionyesha kwamba hatua hiyo ni ya kwanza, na kwamba lazima ichukuliwe kabla milango haijafungwa ao kabla mnunuzi hajafika. Mtu hajengi boma baada ya ng'ombe kuibiwa.

Basi kila meya wa mashariki anaweza kufanya mambo matatu ambayo hayahitaji mfadhili wa ngambo. La kwanza ni orodha: sinema na majumba ya maonyesho ya zamani ya mji wake, yalipo, ni ya nani leo, yanafanya kazi gani. Chuo kikuu kiko, wanafunzi wa historia wako, wazee wako bado. La pili ni kutangaza orodha hiyo kwenye redio za mji, kusudi hakuna hata moja liuzwe kimya. La tatu ni mapatano na wenye majengo, wawe wachungaji, wafanyabiashara ao serkali yenyewe: uso wa jengo usibomolewe, jina la zamani lirudishwe ukutani, na mara chache katika mwaka mlango ufunguliwe kwa filamu, mchezo wa kuigiza ao kwaya za mitaa mbalimbali. Kanisa halitapoteza chochote kwa kupokea majirani zake usiku mmoja. Linaweza hata kupata waamini.

Taa zitafuata. Taa za siku hizi zinakula umeme kidogo, na sahani za jua zinauzwa leo hata kwenye masoko madogo. Duka la kuuza kredi ya simu linawaka usiku kucha kwa betri moja. Hakuna sababu mlango wa jumba la mji uwe na giza kuliko kibanda cha kredi.

Lakini kabla ya taa, kuna kazi ya siku moja inayohitaji ngazi, brashi na kopo la rangi. Pale ambapo kibao hakiwezi kuwashwa leo, jina lake liandikwe tena juu ya mlango. Mtoto atakayepita na jerikani yake ya maji atalisoma, atauliza palikuwa nini, na atataka kujua nani alipafunga.